Kupima kinga ya kifaa cha elektroniki dhidi ya mawimbi ya redio: mwongozo kamili kwa mafundi wa Mombasa

Kidhibiti joto cha chumba cha samaki kinaweza kufanya kazi vizuri mezani kwa fundi, kisha kikifungwa karibu na gati kikaanza kukosea nyuzi kadhaa kila mtu anapobonyeza redio. Kifaa hakijaharibika. Kimepokea wimbi ambalo hakikuundwa kulizuia. Mombasa vyanzo vya mawimbi hayo vimekaribiana sana na mashine: VHF ya baharini (redio za meli) pande za Kilindini, redio za mkononi za walinzi na wapakiaji mizigo, minara ya simu juu ya paa za majengo, na simu iliyo mfukoni mwa kila mtu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kidhibiti joto kinacholishwa kwa volti 12, chenye sensa ya NTC (rezista ambayo omu zake hushuka joto likipanda) ya kiloomu 10 kwenye kebo ya mita 3, na rilei inayowasha kompresa. Njia ni ileile kwa kidhibiti cha pampu ya maji, mizani ya kielektroniki au kipima kina cha mashua.

Kabla ya lolote, elewa unachotafuta. Jibu la "imepita" au "imefeli" halimsaidii fundi. Tafuta kizingiti, yaani nguvu ndogo kabisa ya wimbi inayokifanya kifaa kikosee katika kila masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde). Bila namba hiyo hutajua kama kapasita uliyoongeza imesaidia kidogo, imesaidia sana, au imehamishia tatizo kwenye masafa mengine.

Wimbi linaingilia wapi

Kwa sehemu kubwa linaingilia kwenye nyaya. Kebo hupokea kwa nguvu zaidi urefu wake unapokaribia robo au nusu ya urefu wa wimbi. Kwa VHF ya baharini, kwenye MHz 156, wimbi lina urefu wa mita 1.92, hivyo robo yake ni sentimita 48. Karibu kila waya wa kawaida unafikia hapo. Bodi yenye upana wa sentimita 10 haipokei mengi kwenye masafa hayo. Chini ya MHz 300 hivi, shuku nyaya kwanza. Kuanzia MHz 800 kwenda juu, kwenye masafa ya simu, shuku bodi yenyewe pamoja na nyufa za kasha.

Likishaingia, wimbi hufika kwenye mwingilio wa chipu. Viungio vya nusu kipitishi vilivyomo hulikata upande mmoja na kuligeuza kuwa volti ya moja kwa moja, na chipu huiona volti hiyo kama joto. Kosa la namna hii hufuata mraba wa uga, yaani ukali wa wimbi mahali kifaa kilipo, unaopimwa kwa volti kwa mita (V/m): uga ukiongezeka mara 2, kosa huongezeka mara 4. Hapo unapata kipimo rahisi cha kutambua chanzo. Punguza nguvu ya wimbi kwa dB 3, yaani hadi nusu. Kosa likishuka kwa nusu, tatizo lipo kwenye saketi ya kupima, na dawa yake ni kuchuja mwingilio. Kosa likitoweka lote kwa ghafla, au kifaa kikijizima na kuwaka upya, ni saketi ya kidijitali iliyovuka mpaka wake. Chunguza waya wa kuanzisha upya, saa ya chipu na umeme unaoilisha.

Andika maana ya kukosea kabla ya kuwasha redio

Viwango vya kimataifa hutumia ngazi za A, B na C. A ni kifaa kuendelea na kazi yake kama kawaida muda wote wa jaribio. B ni kuyumba wakati wa jaribio kisha kurudi chenyewe. C ni kuhitaji mtu akiwashe upya au akiguse. Kwa mawimbi ya redio kinachodaiwa kwa kawaida ni A, kwa sababu redio inaweza kurusha muda mrefu.

Ngazi peke yake haitoshi; iandikie namba. Kwa mfano wetu: usomaji usihame zaidi ya nyuzi 0.5, rilei isibadilike, skrini isijianze upya. Kisha ondoa sensa na funga rezista ya kiloomu 33 mwishoni mwa kebo ileile ya mita 3. Kwa NTC yenye beta (namba inayoonyesha omu zake zinavyobadilika kwa joto) ya 3950 thamani hiyo inakaribia nyuzi 0, na sasa usomaji wowote unaohama ni wa wimbi, si wa joto la chumba. Usiiweke rezista kwenye bodi, maana utakuwa umeiondoa antena unayotaka kuipima.

Usomaji ufuatiliwe kwa kamera. Simu iliyowekwa hali ya ndege na kuelekezwa kwenye skrini inatosha. Multimita yenye nyaya zake mbili ndani ya uga ni kosa la kwanza la karibu kila anayeanza: nyaya zake huleta wimbi kwenye saketi, na mara nyingi ni multimita yenyewe inayosoma uongo.

Uga kiasi gani

Kwa vifaa vya nyumbani na ofisini, kiwango cha IEC 61000-6-1 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) hudai V/m 3. Vya viwandani, chini ya IEC 61000-6-2, hudai V/m 10 kati ya MHz 80 na MHz 1000. Vifaa vya uongozaji meli na mawasiliano ya baharini hufuata IEC 60945, ambacho ni V/m 10 kutoka MHz 80 hadi GHz 2. Njia yenyewe ya kupima kwa antena imeelezwa katika IEC 61000-4-3, na ya kupima kwa kuingiza wimbi kwenye nyaya katika IEC 61000-4-6.

Ili ujue kifaa chako kitakutana na nini, tumia hesabu hii: zidisha 7 kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya redio kwa wati, kisha gawanya kwa umbali kwa mita. Redio ya mkononi ya wati 5 kwa mita 1 hutoa karibu V/m 16. Redio ya meli ya wati 25 kwa mita 3 hutoa karibu V/m 12. Hesabu inachukulia antena nzuri. Antena fupi ya mpira hutoa pungufu. Ukikaribia chini ya sentimita 30 kwenye MHz 156, hesabu haina maana tena, kwa kuwa hapo uga haujatulia.

Hizo namba mbili zinaonyesha kwa nini kifaa cha nyumbani kilichopita V/m 3 hakifai kufungwa kwenye chumba cha nahodha.

Sheria na mahali pa kupimia

Kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hakuruhusiwi, na jenereta ya mawimbi (kifaa cha mezani kinachotengeneza wimbi la masafa unayochagua) iliyounganishwa na antena ni kirushi kama kirushi kingine. Usitumie kabisa chaneli ya 16 (MHz 156.8) wala ya 70 (MHz 156.525) kujaribia, maisha ya watu baharini yanazitegemea. Masafa ya ndege, MHz 108 hadi 137, yaache yote ikiwa huna chumba cha chuma kilichofungwa sawasawa.

Mombasa makontena ni rahisi kupata, na wengi huyaona kama chumba cha chuma tayari. Yanasaidia, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Sakafu ya kontena ni plaiwudi juu ya mihimili, hivyo chini ni wazi. Mlango una mpira unaotenganisha chuma na chuma. Tandika bati sakafuni na uliunganishe na kuta kila sentimita 10, kwangua rangi kwenye fremu ya mlango, na ziba mzingo wote kwa utepe wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme. Hata hivyo kontena la futi 20 huanza kuvuma lenyewe kuanzia karibu MHz 68: mawimbi hudunda ukutani, sehemu moja uga ukawa mkubwa na nusu mita pembeni ukafifia. Litumie kuzuia mawimbi yasitoke nje. Usilitumie kudai kwamba uga ndani yake ni sawa kila mahali.

Jaribio la kwanza: redio ya mkononi

Hili halihitaji ununuzi. Tumia redio yenye leseni, kwenye chaneli yake halali.

1. Weka kifaa juu ya meza ya mbao yenye kimo cha sentimita 80. Tandaza kebo ya sensa jinsi itakavyofungwa kazini, kisha piga picha ya mpangilio. Kebo ikisogea sentimita 20, matokeo hubadilika.
2. Lisha kifaa kwa betri ya volti 12. Ukipima kwanza kwa umeme wa ukutani hutajua kama wimbi limepitia waya wa umeme au wa sensa.
3. Simama mita 3 mbali, antena ikiwa wima. Bonyeza sekunde 10, achia sekunde 10, tazama usomaji. Rudia mara 3.
4. Sogea mita 2, kisha 1, kisha nusu mita. Umbali ambao kosa linaanza ndio kizingiti chako; uandike.
5. Rudia kwa pande 4 za kifaa, antena wima kisha ya ulalo. Jumla ni mikao 8.
6. Rudia mikao mibaya zaidi ukibonyeza na kuachia haraka, mara moja au mbili kwa sekunde.

Hatua ya 6 watu huiruka, na ndiyo yenye faida zaidi. Redio ya FM hurusha wimbi la kimo kisichobadilika, kwa hiyo saketi ya sauti inaweza kukaa kimya ingawa imeathirika. Kuwaka na kuzima ndiko kunakoifichua. Redio za kidijitali za DMR huwaka na kuzima zenyewe karibu mara 17 kwa sekunde, na simu ya 2G mara 217, ndiyo sababu ya ule mngurumo kwenye spika. Kifaa kilichoivumilia redio ya zamani kinaweza kushindwa kazi siku walinzi wanapoletewa redio mpya zenye wati zilezile.

Jaribio la pili: sahani mbili

Kwa bodi yenyewe, njia ya bei nafuu yenye namba za kuaminika ni sahani mbili za alumini zenye wimbi katikati. Uga ni volti iliyo kati ya sahani ikigawanywa kwa pengo lao. Hakuna haja ya kukisia.

Kata sahani ya juu yenye upana wa sentimita 75 na urefu wa mita 1, na ya chini iwe pana zaidi, angalau mita 1.2. Pengo liwe sentimita 15, likishikiliwa na vigingi vya mbao kavu pembeni. Upana ukiwa mara 5 ya pengo, njia hiyo huwa na omu 50 hivi. Upande wa kuingilia, punguza upana na pengo kwa pamoja, uwiano wa 5 kwa 1 ukibaki, hadi ufike kwenye soketi ya koaksi. Upande wa mwisho, funga rezista 10 za omu 510 zikigawanywa sawa kwenye upana wote, miguu yake ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Kwa pamoja ni omu 51. Usitumie rezista za waya uliosokotwa, kwa sababu ni koili. Pima kwa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena na kebo): uwiano wa mawimbi (SWR), unaoonyesha wimbi linarudi nyuma kiasi gani, ukibaki chini ya 1.5 hadi MHz 150, kazi ni njema. Kuanzia karibu MHz 200 sahani pana hivi huanza kubeba mawimbi ya mitindo mingine na namba zako hazitakuwa za kweli.

Kwa pengo la sentimita 15, uga wa V/m 10 unahitaji volti 1.5 tu, yaani miliwati 45. Kwenye oskiloskopu yenye upana wa masafa wa kutosha utaona volti 4.2 kutoka kilele hadi kilele. V/m 30 inahitaji wati 0.4. Jenereta nyingi za mezani hufikia miliwati 20, hivyo utahitaji amplifaya ndogo, na hapa kuna mtego: jaribio hutumia modyulesheni ya AM (kupandisha na kushusha kimo cha wimbi) ya asilimia 80 kwa sauti ya kHz 1, na kilele cha wimbi lenye modyulesheni hiyo kina nguvu mara 3.24. Wati 0.4 zinakuwa 1.3. Amplifaya ya wati 1 itakata vilele, modyulesheni itaharibika, nawe utaandika kwamba kifaa kimepita. Nunua ya wati 2.

Weka kiwango bila kifaa na bila modyulesheni, kiandike kwa kila masafa, kisha ingiza kifaa na uwashe modyulesheni. Usirekebishe tena baada ya kifaa kuingia. Kifaa kisizidi theluthi ya pengo, yaani sentimita 5 kwa kimo. Kikizidi, chenyewe kinaubadilisha uga. Nyaya zake zitoke kupitia tundu la sahani ya chini, zikiwa na feraiti (kiini kinachovikwa waya kuzuia mawimbi) mara zinapotoka.

Panda masafa kwa hatua za asilimia 1. Hatua kubwa zaidi huruka miamko myembamba, yaani masafa machache ambapo kifaa hupokea kwa nguvu zaidi. Kutoka MHz 10 hadi 150 ni hatua 272. Muda wa kukaa kwenye kila hatua haupangwi na jenereta bali na kifaa: kidhibiti chetu huonyesha wastani wa usomaji wa sekunde 10, kwa hiyo ukikaa sekunde 1 hakitapata hata nafasi ya kuonyesha kosa. Kaa sekunde 12, na ukubali kwamba mkao mmoja utachukua karibu dakika 55. Ikiwa programu ya kifaa ni yako, tengeneza toleo la majaribio lisilo na wastani, na saa hizo zitageuka dakika.

Jaribio la tatu: kuingiza wimbi kwenye kebo

Kebo ya mita 3 haiingii kati ya sahani. Chini ya MHz 80, wimbi huingizwa moja kwa moja kwenye waya, kuanzia kHz 150. Kwa nyaya mbili za volti 12 unaweza kutengeneza kiunganishi chako: kutoka kwenye jenereta, gawanya njia mbili, kila moja ikiwa na rezista ya omu 200 na kapasita ya nF 10 hadi kwenye waya wake. Upande wa betri, pitisha nyaya zote mbili pamoja kwenye kiini kikubwa cha feraiti hadi upate angalau mikrohenri 280. Vyote vikae ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye bamba la chuma. Kifaa kikae sentimita 10 juu ya bamba hilo, na kiunganishi kiwe sentimita 10 hadi 30 kutoka kwenye kifaa. Usitengeneze cha namna hii kwa umeme wa volti 240. Kwa huo nunua kilichopimwa.

Kati ya amplifaya na kiunganishi weka kipunguzi cha dB 6, ili amplifaya isiyumbishwe na mabadiliko ya mzigo. Ukaguzi: badala ya kifaa, unganisha nyaya zote mbili pamoja, pitia rezista ya omu 100, na upime kwenye mzigo wa omu 50. Kwa kiwango cha volti 3 usome volti 0.5, yaani moja ya sita. Pamoja na kipunguzi na modyulesheni, volti 3 zinahitaji amplifaya ya wati 0.6, volti 10 zinahitaji karibu wati 6.5.

Kuutafuta mlango, kisha kuufunga

Kosa likipatikana, baki kwenye masafa hayo, kizingiti kikiwa kimeandikwa. Chomoa nyaya moja moja. Usiyoweza kuichomoa, ivike feraiti karibu kabisa na kasha. Kizingiti kikipanda kwa dB 6 au zaidi, umeupata mlango. Feraiti yenye mchanganyiko wa namba 31 inafaa MHz 1 hadi 300. Namba 61 inafaa zaidi ya MHz 200. Kupitisha kebo mara mbili ndani ya kiini huongeza kizuizi karibu mara 4 kwenye masafa ya chini, na mara nyingi ni bora kuliko kununua kiini cha pili. Baada ya mlango kujulikana, tafuta sehemu kwenye bodi kwa kitanzi cha koaksi chenye kipenyo cha sentimita 2, kikilishwa na jenereta na kupitishwa polepole juu ya chipu.

Feraiti ni ya kutambulia. Tiba ya kudumu ipo kwenye bodi. Kwa mwingilio wa NTC, weka rezista ya omu 470 mfululizo na kapasita ya nF 1 kwenda ethi ya bodi, pale waya unapoingia. Miguu ndiyo inayoamua. Kapasita ya nF 1 yenye miguu inayoleta nH 10 kwa jumla huamka karibu MHz 50, na juu ya hapo hufanya kazi ya koili. Tumia ya kubandika juu ya bodi.

Kosa jingine la kila siku ni wavu wa kebo (ngao yake) kusokotwa mkia na kufungwa kwa skrubu. Kila sentimita ya mkia ni karibu nH 10. Mkia wa sentimita 5 kwenye MHz 156 una karibu omu 49, kwa hiyo ngao imefungwa kwa jina tu. Bana wavu mzingo mzima kwenye kasha kwa kibano cha chuma. Na kasha lenyewe: mwanya usizidi sehemu ya 20 ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 10 kwa MHz 156 lakini sentimita 1.6 tu kwa MHz 900. Skrubu nne za pembeni hazitoshi kwa simu.

Chumvi

Kifaa kilichopita kikiwa kipya kinaweza kufeli kikishakaa pwani. Alumini ikigusana na chuma cha pua kwenye hewa ya chumvi huliwa, na pale penye oksidi hupatikana kiungio kinachokata wimbi upande mmoja, kama ndani ya chipu. Kwangua rangi chini ya kila sehemu inayopaswa kugusa, tumia washa zilizopakwa bati, paka grisi baada ya kukaza, si kabla. Pitisha ampea 1 kati ya kifuniko na kasha, pima volti kwa nyaya nyingine mbili: kila milivolti ni miliomu 1. Iwe miliomu chache. Andika namba hiyo pamoja na vizingiti, na uipime tena kila kifaa kinapoletwa kwa matengenezo. Ikiwa imepanda hadi kumi au ishirini, fungua, safisha na rudia jaribio la redio ya mkononi kabla ya kukirudisha kazini.